Mlango wa Ghala la Viazi

Nimewahi kuona kichwa cha mtu kikipigwa rungu. Kwa hivyo siku binti yangu aliponisomea kitabu cha watoto ambamo mwizi anapigwa rungu na kichwa kinalia "ko", nilimwambia hapana, kichwa hakilii hivyo. Kinalia kama boga lililoanguka kutoka kwa mkokoteni. Akaandika neno langu pembeni ya ukurasa kwa penseli, akalitazama, akalifuta. "Mama, hiki ni cha darasa la pili," akasema.

Hiyo ndiyo kazi yake. Mchana anatunza maktaba ya shule moja ya wasichana hapa Nakuru. Ile kazi nyingine ni ya kusoma vitabu vipya vya watoto na vijana kabla havijafika dukani, halafu anaandika nusu ukurasa kwa jarida linalosomwa na watunza maktaba wenzake. Hao wako mashuleni, kutoka huku mpaka mipakani, na hawana muda wala pesa ya kusoma kila kitu. Wanataka kuambiwa kitabu ni cha umri gani, kina uzuri gani, kina kitu cha kumdhuru mtoto au la, wanunue au waache. Nusu ukurasa tu, na inaweza kuua kitabu kama kuku.

Kila Jumapili baada ya kanisa anakuja kwangu na vitabu ndani ya kiondo. Mimi nachambua maharagwe au namenya viazi, yeye anasoma kwa sauti. Anasema kitabu cha mtoto lazima kijaribiwe kwa mdomo, kwa sababu kuna mwalimu atasimama mbele ya darasa na kukisoma hivyo hivyo. Mimi shule niliiacha darasa la tatu. Biblia naisoma kwa kidole, polepole. Lakini kusikiliza nasikiliza, na kama kitabu ni kibaya nalala, na yeye anaandika kwamba nililala.

Vingi ni vya sungura na vya watoto wanaoombana msamaha. Sivichukii. Ila watu wa humo hawaumizani ipasavyo. Mtu anapigwa leo, kesho anacheka.

Kile kitabu ninachotaka kukieleza kilikuja na jalada laini, limeandikwa juu kwamba hakiuzwi, maana vitabu vya kukaguliwa huja mapema kukiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Binti yangu alikiweka kando siku hiyo. Akasema hicho atajisomea mwenyewe nyumbani kwake. Nikamuuliza kina nini. Akasema ni cha vijana wa kama miaka kumi na mitatu, kinahusu mvulana wa nyanda za juu na siku ambayo majirani wake walichomewa nyumba. Mwandishi ni mtu anayefanya kazi kwenye mabomba ya mvuke kule Olkaria, na hiki ni kitabu chake cha kwanza.

"Soma," nikamwambia. "Mimi si yai."

Alisita kwa sababu anajua. Sisi tulichomewa.

Nitaeleza mara moja. Tulikuwa na shamba juu kule Mau Narok, baba yake na mimi, viazi na ngano kidogo. Ilikuwa ile miaka ya kwanza ya vita vya siasa, si ile ya baadaye ambayo kila mtu anaikumbuka. Watu hudhani mambo kama hayo huja usiku. Walikuja saa kumi, kukiwa kweupe, wakati wa kukama. Mzee wa ng'ambo ya barabara alitoka langoni kwake kuwauliza wanataka nini. Hicho ndicho kile kichwa nilichosema. Mbwa wetu alipigwa mshale shingoni, akazunguka akijaribu kuung'ata. Ng'ombe wa maziwa alikatwa kano za miguu ya nyuma, akaketi kwa matako kama mbwa, ndoo bado iko chini yake.

Mume wangu aliniambia, "Shika mtoto, pita kwa ngano. Nafunga ghala, nakuja." Ghalani kulikuwa na mbegu ya msimu uliofuata, yaani maisha yetu yote. Alichukua jembe la meno lililoegemea ukuta. Lilikuwa la meno matatu, na lile la katikati lilikuwa fupi, alilivunja kwa jiwe huko mwisho wa shamba na hakupata nafasi ya kulipeleka kwa fundi. Hicho ndicho kitu cha mwisho nilichoona, mgongo wake na hilo jembe.

Nililala kwenye ngano juu ya mtoto, nimemziba mdomo. Aliniuma kiganja mpaka damu, na sikutoa mkono. Alama iko. Nikasikia makelele, nikasikia mabati yakilia kwa moto, halafu baada ya muda nikasikia harufu ya viazi vya kuchoma. Tulikuwa hatujala tangu asubuhi. Tumbo langu likanguruma. Tumbo halijui msiba.

Mwili niliuona mochari hapa Nakuru. Nilimtambua kwa chuma cha mshipi na kwa meno. Kuanzia kifuani kwenda juu alikuwa ameungua, na chini alikuwa amekatwakatwa, kwa hivyo mwili haukuniambia kama alikufa amesimama au amelala. Hakuna aliyeshtakiwa.

Pale uwanjani kwa kanisa tulikolala miezi ile, watu wa matuta yetu walikuwa na maneno yao. Walisema mume wangu alijificha ndani ya viazi, akajizika mpaka shingo, na wale watu wakamvuta kwa miguu kama ndama anayezaliwa vibaya. Hakuna aliyeona. Lakini neno likishapata miguu halirudi. Binti yangu akakua nalo. Shuleni wakamwita mtoto wa waru, yaani wa viazi. Akiwa darasa la tano alimvunja msichana mmoja jino kwa jiwe kwa sababu ya jina hilo. Mwalimu aliniita, akataka nimchape mbele yake. Sikumchapa. Nilimwambia mwalimu yale meno mengine yalikuwa na bahati.

Basi, akasoma.

Nitasema ukweli, kilikuwa kimeandikwa vizuri. Sikulala. Mvulana wa kitabu baba yake anatoka na wanaume wengine, amejipaka masizi usoni, na mvulana anadhani ni mchezo. Kuna sura ambapo wanafika kwenye ghala la jirani. Jirani amesimama mlangoni na jembe la meno, na wao ni wengi lakini mlango ni mwembamba, wanaingia mmoja mmoja tu. Anawazuia. Anampiga mmoja, anampiga mwingine. Mwishowe wanapanda nyuma na kuwasha paa, na mishale inamfikia moshi ukiwa umemfunga macho. Nilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za watu wengine. Majembe ya meno kila mtu anayo. Maghala yalichomwa mengi.

Ndipo binti yangu akafika kwenye asubuhi iliyofuata. Mama ya yule mvulana anabeba gunia, wanakwenda pamoja kwenye jivu la ghala. Wanafukua kwa vijiti. Viazi vimeiva, vingine vimepasuka na vinatoa moshi mweupe. Mama anamvunjia mtoto kimoja. Imeandikwa hivi, maneno nimeyashika kwa kichwa: kilikuwa na uchungu kidogo kooni, na harufu ya blugamu, kama dawa ya kifua. Mtoto anakitupa. Analia, anasema hawezi kula chakula cha wafu, na mama yake anaona aibu.

Binti yangu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kazi. Akachukua penseli. "Hapa amekosea mara mbili," akasema. "Viazi na blugamu wapi na wapi? Na kama alikitupa, uchungu wa kooni aliujulia wapi?"

Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Nilikiweka chini.

Mimi sikuzaliwa kule Mau Narok. Niliolewa huko kutoka upande wa Elburgon, na kwetu mama yangu alikuwa akiweka viazi vya mbegu kwa matabaka, viazi, halafu majani ya mkaratusi, hiyo blugamu, halafu viazi tena, kwa sababu nondo hawapendi hiyo harufu na funza hawaingii. Kule nilikoolewa hakuna aliyefanya hivyo. Waliweka nyasi tu. Walinicheka. Majirani walikuwa wakiuliza kama viazi vyangu vina kikohozi. Kwenye tuta lile lote ghala lenye majani ya blugamu lilikuwa moja.

Nikamwambia, "Hilo ni ghala letu."

Hakunielewa. Nikamweleza. Akafunga kitabu, akaenda akanawa mikono kwa sabuni kama mtu aliyeshika mzoga. Aliporudi hakuwa mtu wa vitabu tena. Alisema huyo mtu ni mtoto wa muuaji, na baba yake yuko mahali anakunywa uji, na sasa anataka kusifiwa kwa watunza maktaba wa nchi nzima. Alisema sheria ya kazi yao ni kwamba ukiwa na jambo lako ndani ya kitabu unakirudisha, apewe mwingine. Halafu akasema sheria hiyo itangoja. Ataandika nusu ukurasa ya kufanya shule yoyote isikiguse. Ana maneno ya kufanya hivyo, nayajua, anayatumia kama kisu cha kuchuna.

Nikamwambia angoje. Alidhani namwonea huruma yule mtu. Hapana. Mimi nilikuwa nawaza mlango.

Kwa maisha yangu yote tangu siku ile, hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichosikia kinachosema mume wangu alisimama. Nilikitaka sana. Lakini kiazi kilikuwa kimeniharibia. Mtu hajui uchungu wa kooni kwa kunusa. Huyo mtoto alikula. Mwandishi ameandika kwamba alitupa, apate kuonekana mwema mbele ya watoto wa shule. Kama amedanganya kiazi, mlango je? Hawa watu wa vitabu vya watoto wanapenda kumpa marehemu kifo kizuri. Labda aliona aibu ya mtu aliyevutwa kwa miguu kutoka kwenye viazi, akampa mlango na jembe kama zawadi. Zawadi ya namna hiyo sikuitaka.

"Nitamuuliza mwenyewe," nikamwambia binti yangu. "Hutaandika neno mpaka nimuulize."

Wana desturi ya kuwaita waandishi wapya wakutane na watunza maktaba kabla ya vitabu kupigwa chapa ya mwisho. Siku hiyo ilikuwa katika ukumbi wa shule moja kule Milimani, penye miti mirefu na lango la kupigiwa honi. Nilivaa koti langu la kanisa. Binti yangu alitangulia mbele njia nzima.

Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, mikono ina makovu ya kuchomwa na mvuke. Alisoma ile sura ya viazi. Wengine wakapangusa macho. Kisha wakamuuliza maswali yao, na mengi yalihusu damu. Mwalimu mmoja mwanamume alitaka kujua kama ile ya mlangoni ingeweza kupunguzwa, ili kitabu kiingie darasa la saba. Mwingine akapendekeza jirani aumizwe tu, akimbizwe hospitali. Nilikuwa naangalia mdomo wa yule mtu na kufikiria ulivyokuwa mdogo na umejaa viazi vyangu.

Wakati wa chai nilimfuata mezani. Alikuwa na andazi mkononi. Binti yangu alisimama kando yangu.

"Kijana, vile viazi ulikula ama ulitupa?"

Akatabasamu vile watu wanatabasamia mwanamke mzee. "Shosho, si umesikia nikisoma? Mtoto alitupa."

"Sijauliza mtoto wa kitabu."

Akanitazama.

"Blugamu niliiweka mimi," nikamwambia. "Ghala lilikuwa langu."

Hakukimbia, hilo nampa. Aliweka kikombe chini, kikagonga kisahani. Halafu akasema, "Nilikula. Nilikula nikashiba, tukajaza gunia tukapeleka nyumbani, na huko nikala tena. Vilikuwa vitamu, shosho. Hiyo ndiyo sikuweza kuandika."

Binti yangu akamchapa kofi. Si kofi la wanawake. Andazi liliruka, damu ikamtoka puani ikaangukia shati, na ukumbi mzima wa watu wa vitabu ukageuka na vikombe hewani. Hakuinua mkono kujikinga. Binti yangu alikuwa anavuta mkono nyuma aongeze lingine, mimi nikamshika kifundo cha mkono.

"Ngoja," nikasema. "Sijamaliza na yeye."

Nikamuuliza kuhusu mlango. Damu inamtiririka, akasema mlango hakuuona, alifika asubuhi na gunia. Nikamuuliza kama basi aliutoa kichwani. Akasema hapana, aliutoa kwa mguu wa baba yake.

"Mguu gani?"

Akainama, akajigusa pajani kwa mbele, juu ya goti, kwa vidole vitatu vilivyotanuliwa. "Ana mashimo hapa. Alikuja nayo jioni ile, amefunga na shati. Hakuwahi kutueleza, lakini jembe la meno linajulikana. Mimi ndiye nilikuwa namkanda na maji ya chumvi. Mpaka leo msimu wa baridi yanafunguka, yanatoa usaha. Anatembea na fimbo."

"Yanalingana?"

"Nini?"

"Hayo mashimo. Yanalingana urefu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake gizani. Akasema, "La katikati halikuingia. Limekwaruza tu. Haya mawili ndiyo yalifika kwa mfupa."

Basi hapo nilijua. Mtu anayevutwa kwa miguu kutoka kwenye viazi hampigi mwenzake paja kwa mbele. Lazima uwe umesimama na unamwangalia. Nilimwona mume wangu akisukuma lile jembe kwa uzito wake wote, kama anavyofanya kwenye udongo mgumu, anaweka mguu nyuma, na lile jino fupi linabaki nje. Nilisikia meno yakigonga mfupa. Nilifurahi. Nimekaa kanisani miaka mingi na najua tunafundishwa nini kuhusu furaha ya namna hiyo, na bado nilifurahi. Nilifurahia kila msimu wa baridi ambao ule mguu umefunguka.

Binti yangu alikuwa analia bila sauti, ameshika kile kiganja alichopigia.

"Uandike," nikamwambia yule mtu. "Uandike ulikula. Na uandike mguu."

"Baba yuko hai, shosho. Atasoma."

"Acha asome. Wangu hatasoma."

Akakubali kwa kichwa. Mtu mmoja akamletea karatasi za kupangusa pua, na yule mwalimu wa kupunguza damu akaanza kusema maneno ya amani. Tukaondoka.

Kitabu binti yangu alikirudisha, kama sheria yao inavyotaka. Alimweleza mwenzake, mtunza maktaba wa Naivasha, kwa nini anakirudisha, na huyo akakichukua. Nusu ukurasa yake ilitoka mvua za masika zilipokwisha, mwandishi akiwa amekwisha kurekebisha. Binti yangu alinisomea. Imesema kitabu kina vurugu nyingi na hazikupakwa asali, kwamba sura ya mtoto anayeshiba viazi vya wizi itawasumbua wasomaji, na sura ya mguu wa baba ni nzito mno. Isiwekwe chini ya kidato cha pili. Maktaba zinunue.

"Umeridhika?" akaniuliza.

Nikamwambia sawa, wafike kidato cha pili kwanza.

Nasikia kitabu kilipotoka yule mzee alisomewa na mjukuu, na kwamba alimpiga mwanawe na ile fimbo mpaka taya ikavunjika, huyo mwana akaenda kazini Olkaria miezi kadhaa anakunywa supu kwa mrija. Sikuomba hivyo. Sikulia pia. Taya hushikana. Aliandika nilichomwambia aandike, na alilipa, na mimi simdai kitu kuhusu viazi. Ya baba yake sijayagusa, na sina mpango wa kuyagusa.

Nakala yetu iko kwenye rafu ya ile shule ya wasichana, imewekewa kibandiko chake. Binti yangu anasema haikai rafuni, inazunguka mpaka jalada limeanza kuachia. Wasichana wanabishana kuhusu yule mtu wa mlangoni, kama alikuwa jasiri au mjinga kufia viazi. Hajawaambia ni baba yake. Anawaacha wabishane.

Swali lake mwenyewe alikuja nalo Jumapili moja, na kile kitabu ndani ya kiondo. Nilikuwa napanga viazi ndani ya gunia jikoni, na majani yangu, nyumba yote inanukia blugamu. Akaketi pale anapoketi, akaniuliza kama nimewasamehe wale watu, sasa tunapojua.

Nikamwambia asome tena pale pa mguu.